Kipimo Kilichoboreshwa cha Chang'ombe

Wananchi wote wa Chang'ombe mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hii, Juni 1993, akili zenu zinapimwa upya. Kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu.

Mie ndo Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kupima Uwezo wa Raia Kunasa Mpangilio Bila Kufundishwa, kwa hiyo najua ninachosema. Mwenye biashara ndogondogo anawekewa kaseti ya maneno ya kubuni yaliyounganishwa bila kituo, badokutimepalosigubadoku, nusu saa nzima. Halafu anaulizwa: neno ni "badoku" au "kutime"? Mwenye uwezo anakuwa keshanasa, hata kama mwenyewe hajijui, na anabaki na kijiwe chake. Asiye na uwezo anahamishiwa Segerea, kando ya ukuta wa gereza, ambako wateja ni wengi ila hawatoki.

Awamu ya kwanza watu wote walipata kumi na sita kwenye thelathini na mbili. Mbuzi mmoja aliyesajiliwa kimakosa naye kumi na sita. Mwenyekiti wetu, Dokta Albano, akagundua tatizo: maswali machache, halafu yote ugumu mmoja, humjui anayejua wala anayebahatisha. Akaboresha. Yakawa tisini na sita: mepesi, ya kati, magumu. Tukaweka meza barabarani.

Wa kwanza alikuwa Bi Zubeda, muuza mihogo ya kukaanga, mwenye watoto wanne na jiko moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikifeli kweli mnanipeleka Segerea?"

"Kwa maendeleo yako," Dokta akamjibu. "Swali la thelathini na tatu: losigu au palosi?"

"Huyo Losigu anakaa mtaa gani?"

"Chagua tu, mama."

"Basi huyo wa pili, ana jina zuri."

Dokta akaandika kosa. La kumi na saba hilo. Mara Bi Zubeda akanyanyua shingo.

"Baba, tufunge."

"Bado maswali sitini na tatu."

"We huoni? Muuza kahawa kapita hagongi vikombe. Fundi Khalfani kazima redio, na taarabu haijaisha. Na yule mgeni kauliza bei ya muhogo, hajanunua, kaondoka. Yakifuatana hivyo matatu, mgambo wa jiji hao wanakuja."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Anifundishe nani? Si nashinda hapa kila siku!"

Dokta akacheka sana. "Mama, huo siyo utafiti. Keti."

Bi Zubeda hakuketi. Alizima jiko, akabeba karai lake, akapotea. Dakika mbili mtaa mzima mweupe. Mie pia niliondoka, kwa sababu za kikazi, nikajibanza nyuma ya gereji.

Lori la mgambo likafika. Likamkuta Dokta peke yake, anageuza kaseti.

"Mzee, nani kakuruhusu kuweka meza barabarani?"

"Mimi ni Dokta!"

"Kumbe na dawa unauza? Panda juu!"

Kamati ina furaha kutangaza kwamba kipimo kilichoboreshwa kinafanya kazi barabara. Wafanyabiashara arobaini na mmoja wamefaulu bila kufundishwa. Mtu mmoja tu kafeli, na kafeli vibaya. Barua ya kuhamia Segerea Dokta alikuwa keshaisaini mwenyewe, ilibaki kujaza jina tu.

Nikamjazia, kwa mwandiko mzuri.