Uso Mzuri wa Mzee Wamae

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu tangu asubuhi. Mlima hauonekani. Hata lango la hospitali halionekani vizuri. Siku nzuri ya kazi za ndani.

Bwana Mathenge, msimamizi wetu, ametangaza kwamba wiki ijayo atateua mkuu wa chumba cha picha. Tuko wawili tu. Mimi, niliyepiga harusi za nusu ya mji wa Nyeri, na Sista Mwikali, nesi wa vidonda, ambaye hajapiga hata ubatizo mmoja. Lakini yeye hushika kadi ya rangi kwa glavu, na Bwana Mathenge akamsifu mbele yangu. Ati huo ndio uangalifu.

Kadi yenyewe ni kipande cha plastiki chenye vyumba vidogo vya rangi: nyekundu, kijani, manjano na kadhalika, na kijivu katikati. Tunaiweka kando ya mgonjwa tunapompiga picha. Kompyuta hukitazama kile kijivu, ikajua taa zetu zinadanganya kiasi gani, ikanyoosha rangi za picha nzima. Daktari Adhis yuko Nairobi. Wagonjwa wetu wa ngozi yeye huwaona kwa picha tu. Rangi ikienda kombo, na yeye anakwenda kombo.

Basi nikaamua kadi iwe safi kuliko siku Mwikali alipoishika. Nikaisugua kwa dawa ya kung'arisha shuka za wodi.

Imetakata kabisa. Imekuwa nyeupe pande zote. Rangi zimebaki kwenye kitambaa.

Kitambaa nimekificha. Kadi pia.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo limekwisha. Nimetengeneza kadi mwenyewe! Nilipita hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi, nikachukua mikebe midogo ya rangi. Kijivu ni nyeusi na nyeupe tu, mtoto wa nasari anajua. Nyeupe haikuwepo. Muuzaji akanipa krimu, akasema kwenye ukuta hakuna anayeona tofauti. Nimepata kijivu kizuri, chenye joto, kuliko kile cha ng'ambo. Mwikali amepelekwa wodini wiki nzima. Mambo yamejipanga.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi kizee, Shosho Kabura kutoka Gakindu, aliyeungua mkono kwa uji. Nikapiga mkono, nikapiga na uso. Kompyuta ikanyoosha rangi.

Akatoka buluu. Si buluu ya nguo. Ni ile ya maziwa yaliyotolewa malai, na midomo rangi ya jivu. Hata weupe wa macho ulikuwa na ubuluu. Nikageuka kumtazama. Ameketi pale pale, mweusi kama kawaida yake, anamenya ndizi. Nikairudia kompyuta. Maiti.

Akaomba kuona. Sikupata sababu ya kumnyima. Alitazama kwa muda mrefu, ndizi mkononi.

“Huyu si mimi,” akasema. “Huyu ni dada yangu, vile alikuwa siku ya kumzika. Wewe umemtoa wapi?”

Nikamwambia ni baridi ya Agosti. Akafunga leso yake, akatoka bila kunipa mgongo. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Wote ni buluu. Mwenye vipele, mwenye kidonda cha sukari, yule bwana wa mba. Wote.

Daktari Adhis amepiga simu. Ameuliza kama wagonjwa wangu wanapumua. Nikamweleza kwamba Nyeri ina baridi asiyoweza kuifikiria mtu aliyezaliwa kando ya ziwa. Akasema niwashe hita. Nimewasha mbili. Sasa wanatoka buluu huku wakitokwa na jasho. Hiyo ni mbaya zaidi.

Uvumi umeanza kwenye benchi. Ati kamera ya hospitali inaonyesha vile utakavyokuwa mochari. Askari mmoja, mtu wa miraba minne anayefundisha wenzake gwaride huko Kiganjo, aliona picha yake akavua kofia. Akasimama wima mbele ya uso wake mwenyewe kama yuko kwenye mazishi ya kiserikali. Kisha akaondoka bila dawa. Foleni imepungua. Sista wa mapokezi amenipongeza kwa kasi ya kazi.

Jambo moja silipendi. Nikifungua faili la wiki, nyuso zote hujipanga kwa safu, ndogo ndogo, za buluu, macho wazi. Nikisogea kushoto zinanitazama. Nikisogea kulia zinanitazama. Nilizima kioo cha kompyuta. Kikawa cheusi, na bado nilijua kila mmoja yuko wapi.

Chai nimenywea nje, kwenye ukungu.

Ijumaa, 8 Agosti

Hatimaye!

Amekuja Mzee Wamae, mwenye duka la rejareja Kiganjo, pamoja na mkewe, Mama Wachuka. Mzee anawashwa. Hana kipele hata kimoja, lakini anajikuna mpaka viganja na nyayo. Alivaa miwani myeusi, akasema siku hizi mwanga unamsumbua. Nikamwomba aivue kwa ajili ya picha. Nilikuwa nashughulika na taa, kwa hiyo sikumtazama sana. Nilitazama kioo, kama mtaalamu.

Alitoka mzuri! Rangi ya mtu. Hudhurungi, yenye uhai, na macho meupe kama ya bwana harusi. Katikati ya safu zile za buluu yeye peke yake yuko hai. Ushahidi kamili. Kadi yangu haina kasoro. Wale wengine ni baridi tu.

Daktari Adhis alipiga simu kunishukuru. Alisema leo ndiyo mara ya kwanza wiki hii kuona mtu aliye hai kutoka Nyeri. Ngozi kavu, akaamua, akamwandikia mafuta ya kupaka.

Nimeichapisha picha hiyo kubwa, nikaitundika mapokezi, jina langu chini yake. Bwana Mathenge alisimama kuitazama. Alitikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Nafasi ni yangu.

Mama Wachuka naye aliomba nakala. Aliishika kwa mikono miwili. Akaangalia picha, akamwangalia mumewe ambaye alikuwa amesharudisha miwani, akaangalia picha tena.

“Huyu ndiye aliyenioa,” akasema polepole.

Ilikuwa kama angependa kurudi nyumbani na yule wa karatasi, huyu mwingine abaki na sisi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mwikali amerudi kutoka wodini. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya picha pale mapokezi muda mrefu mno, mkoba bado begani. Nikadhani ni wivu. Nikafurahi.

Kisha akaja kwenye chumba changu, akafungua faili, akazitazama zile safu. Akaomba kadi. Nikampa. Akainusa.

“Bwana Gatimu, hii ni rangi ya ukuta?”

Nikajibu kwamba ni rangi bora ya ukuta. Akauliza nilichanganya na nini. Nikataja krimu. Akakaa chini. Alinieleza kama anavyowaeleza wagonjwa, taratibu, bila kuinua sauti. Kijivu changu kina umanjano ndani yake. Kompyuta inadhani umanjano huo unatoka kwa taa. Kwa hiyo inauondoa kwa kila mtu, na kumwongezea buluu.

Nikasema sawa, lakini Mzee Wamae ametoka vizuri.

“Ndiyo,” akasema. “Wote wameongezewa buluu. Kila mtu macho yake yametoka buluu. Ya huyu yametoka meupe. Sasa, macho yake yenyewe yako rangi gani?”

Nikaanza kufikiria. Halafu nikaona sitaki kumaliza kufikiria. Hita ilikuwa imezimwa, na mgongo wangu ulikuwa umelowa.

Simu ya Mzee Wamae haikupatikana. Tukachukua gari la hospitali kwenda Kiganjo, Mwikali mbele na dereva, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa umelala barabarani.

Duka lilikuwa wazi, bila mteja. Paa lake lina mabati mawili ya plastiki ya kupitisha mwanga, ya siku nyingi, yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Ndani yake kila kitu ni rangi moja. Sukari, mkate, kuta, Mama Wachuka. Nilitazama mikono yangu nikaiona ya mtu mwingine.

Mama Wachuka alisema mzee amelala chumba cha nyuma tangu jana. Alisema hana shida, ni uchovu, na ametetemeka kidogo tu. Akanyoosha kidole ukutani, juu ya mizani. Picha yangu. Akasema tuone wenyewe rangi yake, mtu mwenye rangi kama hiyo hawezi kuwa mgonjwa.

Mwikali akampita. Aliingia chumba cha nyuma. Akatoka amemshika mzee kwapani, wakavuka duka polepole, wakafika mlangoni, kwenye mwanga mweupe wa ukungu. Akamwomba avue miwani.

Macho yalikuwa kama kiini cha yai la kienyeji. Uso, shingo, viganja, vyote vilikuwa na umanjano. Alisimama pale mlangoni na nyuma yake, ukutani, alikuwapo pia, hudhurungi, macho meupe, anatutazama. Sikujua nimtazame yupi.

Mama Wachuka alimtazama mumewe kama mgeni aliyetokea chumbani kwake.

“Nimekaa na yeye kila siku,” akasema.

Mwikali alimgusa mzee paji la uso, akamwambia dereva awashe gari.

Njiani mzee alikuwa akitetemeka, kichwa kimeniegemea begani. Karibu na mjini aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama ile picha ilitoka vizuri.

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 12 Agosti

Jiwe. Lilikuwa limeziba mfereji wa nyongo, na uchafu ulikuwa umeanza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana alikuwa anawashwa, na ndiyo maana aligeuka manjano. Wamempasua katika hospitali kubwa, na jiwe limetoka. Daktari aliyempasua alimwambia Mwikali kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunapanga mambo mengine.

Kikao kwa Bwana Mathenge. Mwikali alieleza yote bila kunitukana, na hiyo iliuma zaidi. Alisema picha ya kweli ingeonyesha umanjano siku ile ile, na Daktari Adhis asingemwandikia mzee mafuta. Daktari Adhis alikuwa kwenye simu. Alisema neno moja tu, jina langu.

Mwikali ndiye mkuu wa chumba cha picha. Wagonjwa wote wataitwa tena kupigwa upya kwa kadi halisi, ambayo yeye ataifungia kabatini. Mimi nitabeba taa. Picha imeondolewa mapokezi. Kadi yangu imetupwa kwenye pipa la takataka za wodi, pamoja na bandeji.

Bwana Mathenge aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema sana. Na wakati ule, kwa kweli, nilikuwa nimeelewa. Nilipofika nyumbani niliketi kitandani na viatu, nikihisi kile kichwa begani.

Baadaye nikala, nikaanza kuona mambo kwa uwazi. Nani aliyetengeneza kadi iliyomtofautisha mzee na wengine? Bila watu wa buluu, nani angeshangaa kuona macho meupe? Mwikali ameng'amua kwa kutumia chombo changu. Hakuna aliyetaja hilo kikaoni.

Mikebe ya rangi bado iko chini ya kitanda.

Jumamosi, 30 Agosti

Jua! Mlima umetoka wote, mpaka theluji. Nimekwenda Kiganjo kumjulia hali Mzee Wamae, na mkate na majani ya chai kwenye mfuko.

Amekonda, lakini ana nguvu. Nilimkuta uani bila miwani, akimenya viazi na kumcheka jogoo. Alinishika mkono kwa muda. Mama Wachuka alinikaribisha kwa chai. Alikuwa amebadilisha yale mabati ya plastiki, na duka sasa lina mwanga hata sikulitambua. Picha yangu hakuitundua. Alisema mzee anaipenda.

Nikaomba nimpige moja ya ukumbusho. Nilikuwa nimekuja na kompyuta yangu ya mkononi na kadi mpya niliyoipaka juzi. Mzee akajipangusa mikono, akaketi sawasawa, akatabasamu. Nikapiga. Kompyuta ikanyoosha rangi.

Buluu.

Midomo jivu. Macho maziwa. Tabasamu lile lile, lakini sasa la mtu aliyefungwa kidevu kwa kitambaa. Jua lilikuwa linawaka, nami nikasikia baridi mpaka kwenye meno.

Mama Wachuka alikuwa nyuma ya bega langu. Alinyoosha mkono, akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefumba macho ya marehemu. Mzee akauliza kama imetoka vizuri. Mama Wachuka akasimama katikati yetu, akamwambia chai inapoa. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani, akanirudishia mkate wangu, akasema nisirudi.

Nimeketi nyumbani mchana wote na picha mbili mezani. Kabla ya kupasuliwa: hudhurungi, macho meupe, bwana harusi. Baada ya kupasuliwa: huyu. Kamera ni ile ile. Rangi ni ya mikebe ile ile. Nimekagua kila kitu mara nyingi, na kitu kimoja tu kimebadilika. Madaktari wamemgusa.

Mwikali hajaona. Daktari Adhis hajaona. Katika mkoa huu wote ni mimi peke yangu ninayejua. Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu mwingine kuingia ofisini, nitamwekea Bwana Mathenge picha zote mbili mezani. Nafasi ya mkuu itajadiliwa upya, sina shaka.

Mtu mzima kabisa, mwenye rangi yake. Wakampasua, wakaturudishia huyu.