Baba Tunu Ni Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeibiwa. Si ngazi, si brashi, si rangi. Jina!

Mdogo wangu na mkewe wamerudi leo kutoka hospitali na binti yao wa kwanza. Ua mzima ulijaa watu. Mimi nilikuwa pembeni nikiandika bango la duka la dawa. Nilikuwa nimefika DAWA ZA BINADAMU NA, bado MIFUGO. Nikaweka brashi chini, nikafuta mikono, nikaenda kama baba mkubwa anavyotakiwa. Mama alikuwa ameshamkumbatia mjukuu, machozi yanamtiririka. Nikauliza, haya, mgeni wetu tumwiteje? Mdogo wangu akatabasamu lile tabasamu lake la mtoto wa mwisho. Akasema wamemwita Tunu.

Tunu ni paka wangu.

Nikasubiri mtu acheke. Hakucheka mtu. Nikakohoa. Nikasema kwa upole kwamba jina hilo lina mwenyewe humu uani, anakula, analala, ana masharubu. Mama akasema paka ni paka. Mdogo wangu akasema majina hayaishi duniani. Kama hayaishi, mbona kachukua langu?

Sina wivu. Niseme hilo mapema. Chumba chenye madirisha mawili alipewa yeye, nikanyamaza. Yeye ni fundi wa lifti, mimi naandika mabango. Yeye hupanda juu kwa kubonyeza kitufe, mimi hupanda kwa magoti. Nikanyamaza. Mke akapata yeye. Kimya! Lakini tangu nilipomwokota Tunu kwenye kopo la rangi, akiwa hajazi kiganja, mtaa mzima huniita Baba Tunu. Walianza kwa utani. Mimi sikuupokea kwa utani. Sijawahi kuwa na cheo kingine.

Jioni jirani yetu mshona mapazia amepita getini akaita, hongera Baba Tunu! Nikaitikia ahsante sana.

Hakuwa ananitazama mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata hoja. Hoja ni umri. Tunu wangu ni mtu mzima, Tunu wao hata shingo haijakaza. Aliyetangulia katangulia.

Nimekwenda chumbani kwao nikawaeleza adabu za majina. Mtu hachukui jina la mkubwa wake kama anayechukua kiti kwenye sherehe. Somo wa mtoto huendewa mapema, hukalishwa, huombwa. Je, Tunu nani alimwendea? Nani alimkalisha?

Mdogo wangu kacheka mpaka kaegemea ukuta. Shemeji hakucheka. Shemeji ni mpole, na upole wake unanikera kwa sababu hauna pa kushika. Akasema kweli, shemeji, hapo tumekosa, basi tumwombe sasa hivi. Akamwinua mtoto mbele ya Tunu, ambaye alikuwa amenifuata. Akamwambia, somo yako huyu, tunaomba jina.

Tunu akapiga mwayo. Mdogo wangu akasema haya, mwenyewe kakubali.

Hakukubali! Ule ulikuwa mwayo wa dharau. Mimi namjua.

Jumatano, 5 Juni

Mpango mpya: nimchafue Tunu, jina linuke, waliache wenyewe. Roho iliniuma, lakini dawa ya moto ni moto.

Nikangoja wageni wajae. Walipojaa nikasimama mlangoni kwangu nikapaza sauti. Tunu, umeiba samaki tena! Tunu, una viroboto! Tunu, mimba nyingine hiyo, na baba hajulikani! (Uongo mtupu. Hana mimba, na tabia zake ni nzuri kuliko za wageni wenyewe.)

Mama mkwe wa mdogo wangu akaweka kikombe chini. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Kumbe katika yote hayo neno lililowaingia ni viroboto. Mmoja akajikuna kifundo cha mguu. Wa pili akajikuna. Mara wote. Wakaanza kuaga mmoja mmoja, na kila aliyeaga aliutazama mlango wangu, si wao. Haijapita robo saa Mama katoa godoro langu juani, kapiga dawa chumba kizima. Nimepiga chafya mpaka mbavu zinauma. Tunu hakuvumilia ile harufu. Katoka mbio.

Kahamia kwa nani? Kwao!

Ijumaa, 7 Juni

Jana sikuandika. Chafya.

Leo nimeamua kutumia nilichojaliwa. Nimechukua kipande cha mbao laini, nikaandika TUNU kwa rangi ya dhahabu, ile ninayoitunza kwa ajili ya hoteli kubwa itakayoniita siku moja. Kila herufi nikaipa kivuli chekundu. Mguu wa N nikaukunja kama mkia. Nia ni kukipigilia juu ya kikapu cha paka, kila mwenye macho ajue jina ni la nani. Nikakiegemeza ukutani kikauke, nikaenda kunawa.

Narudi, namkuta shemeji kakishika. Analia.

Sijawahi kuona mtu akililia maandishi yangu, isipokuwa yule kinyozi niliyemwandikia KINOZI. Shemeji akasema hakujua kama nampenda mtoto kiasi hiki. Akasema siku zote hizi alidhani nimekasirika. Sasa ningesema nini? Nikasema si kitu.

Kibao kimepigiliwa juu ya kitanda cha mtoto. Watu wamekuja kukitazama. Mshona mapazia kasema mkono wangu una baraka. Mama kanishika shavu, jambo ambalo sikumbuki lini alilifanya mara ya mwisho. Nikafurahi. Nilifurahi kweli, mpaka nikakumbuka kwamba natakiwa kuwa na hasira.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa.

Asubuhi muuguzi amekuja kumwangalia mama na mtoto. Ni mgeni, hamjui mtu. Akasimama katikati ya ua akaita, Baba Tunu yuko wapi? Nikaitika. Kwani uongo?

Akanivuta pembeni, akanipa maelekezo. Mama apumzike. Maji nichote mimi. Nepi nifue mimi. Nisimsumbue mwenzangu na mambo madogo madogo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila shaka. Akasema wanaume wanaosikiliza namna hii ni wachache. Nikamwambia mimi ndivyo nilivyo. Akaniuliza jinsi Tunu anavyolala. Nikasema hulala kutwa, hasa juu ya bati kukiwa na jua. Akaniuliza anavyokula. Nikasema hana shida ya chakula, anapenda vichwa vya samaki, na juzi alikula mjusi.

Muuguzi akasimama.

Alipiga kelele ambazo nadhani zilifika kituo cha polisi. Mdogo wangu akatoka na sabuni ya kunyolea usoni. Ilichukua muda mrefu kumwelewesha yule muuguzi, na hata alipoelewa hakucheka. Mdogo wangu naye hakucheka. Alinipandishia sauti. Yeye, kwangu mimi, kaka yake! Alisema kila alicho nacho mimi nakitazama kana kwamba alikichukua mfukoni mwangu. Alisema amechoka. Akaingia ndani, mlango akaufunga polepole. Bora angeubamiza.

Mama akatoa hukumu papo hapo. Paka abadilishwe jina. Mimi kuanzia sasa ni Baba Mkubwa, na mtu yeyote asiniite vinginevyo.

Kwa Mama hakuna rufaa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwita Malkia. Hakugeuka. Nimemwita Johari. Kimya. Almasi, Waridi, Bibie. Akalamba mguu. Nikashika kichwa cha samaki, nikachuchumaa, nikamwita majina yote mazuri ya kike niliyowahi kuyaandika kwenye milango ya saluni. Akanitazama kama mtu aliyepigiwa simu kwa makosa.

Mara upande wa pili wa ua shemeji akamwambia mtoto, Tunu jamani, Tunu wangu. Paka huyo! Karuka ndoo, karuka makopo ya rangi, kaingia kwao. Huko kila akiitikia hupewa maziwa. Na anaitwa kutwa nzima! Mimi nilikuwa namwita mara moja tu kwa siku, jioni nikimaliza kazi. Nitashindana vipi?

Nimebaki nimechuchumaa na kichwa cha samaki mkononi. Tukatazamana.

Mwenye duka la dawa amekuja kuchukua bango. Kalisoma. Kalisoma tena. Nilikuwa nimeandika DAWA ZA BINADAMU NA TUNU. Akaniuliza Tunu ni ugonjwa gani. Nikamwambia ni wa moyo.

Kasema nifute, nianze upya.

Jumanne, 11 Juni

Leo ni vigumu kuandika.

Mdogo wangu aliitwa mapema, lifti imekwama na watu ndani. Mama alikwenda sokoni. Mtoto akaanza kulia. Akalia, akalia, akalia. Nikajitia pamba masikioni. Baadaye nikamwona shemeji mlangoni kwangu, macho mekundu, kanga imekaa upande. Sikusikia alichosema, nikatoa pamba. Aliniomba nimshikie mtoto, aoge tu, amechoka.

Mikono yangu haijawahi kubeba kitu kisicho na mpini au mkia. Nikampokea. Akazidisha kulia. Uso ukawa kama nyanya. Nikaogopa, nikazunguka chumba, nikaimba, nikamwonyesha brashi. Hapana! Basi, nikiwa sijui tena la kufanya, bila kufikiri, nikaita vile ninavyoita kila jioni, taratibu, sauti ya chini:

"Tunu, Tunu, Tunuuu... njoo, baba yuko hapa."

Akanyamaza. Kama bomba lililofungwa. Akashika kidole changu, hiki chenye dhahabu kwenye ukucha, akakibana. Ana nguvu!

Nikageuka. Shemeji alikuwa mlangoni, hata kuoga hajaoga.

"Anaijua sauti hiyo," akasema.

Nikamuuliza ataijuaje, na amezaliwa juzi.

"Anaijua. Nilipokuwa na mimba yake nilitapika miezi, shemeji, na mdogo wako kutwa yuko kazini. Nilikuwa nalala upande wa ukuta wako. Kila jioni nakusikia unaita, Tunu, Tunu. Hukuwahi kuita kwa hasira hata siku moja. Nikasema, mtu haitwi hivyo kama hapendwi. Nikataka wangu naye aitwe hivyo."

Nikasema rangi imeniingia jichoni.

"Na paka asibadilishwe jina," akasema. "Mama nitazungumza naye mwenyewe. Mtoto gani anamfukuza somo yake?"

Akaenda kuoga. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kopo la rangi, mtoto kifuani. Mkono uliniuma, nikauacha uendelee.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwomba radhi mdogo wangu. Nilimfuata kazini, nikapanda lifti mpaka juu kabisa, tumbo likabaki chini. Nikamwambia nimekosa. Akanitazama, akacheka, akaniambia twende tule. Tulikula sahani moja.

Mama kafuta hukumu. Majina yote mawili yanakaa. Wivu umekwisha. Nashangaa hata nilivyokuwa. Mtu mzima kugombea jina! Mtoto akilia sasa wananiita mimi. Si baba yake, si bibi yake. Mimi! Mshona mapazia kasema kuna watu wamezaliwa na kipaji cha watoto. Nikamwambia kipaji hakijifichi.

Bango nimelirudia. MIFUGO imekaa vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesalitiwa.

Mchana mtoto kaanza kulia. Wakaniita. Nikanawa, nikakaa, nikasafisha koo, ua mzima unatazama, maana siku hizi watu hupenda kuja kutazama. Kabla sijafika mwisho wa Tunu ya kwanza, paka karuka kitandani, kajilaza ubavuni kwa mtoto, kaanza kukoroma ule mkoromo wake wa raha. Mtoto akanyamaza, akamgeukia yeye!

Shemeji kasema, tazameni, somo yake kambembeleza. Mama kasema yule paka ana akili kuliko watu wengi anaowajua. Wakampa maziwa. Mshona mapazia, ambaye jana tu alikuwa akizungumzia kipaji, kasema ni baraka ya jina moja. Na mimi? Nimekaa pale mdomo wazi, kama mlango uliosahauliwa. Sauti ilikuwa ya nani? Nani aliyeanza?

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila wivu wowote. Ni aibu. Mtoto wa watu kuitwa jina moja na mnyama! Atakwenda shule, wenzake watasemaje? Lazima mmoja aliache jina, na haiwezekani akawa mtoto, mtoto ana haki zake. Nimemwendea Mama kumkumbusha ile hukumu yake ya busara. Kasema kesi imefungwa, na nikiifungua atalirudisha godoro langu juani. Nimemwendea mdogo wangu. Kaniuliza kama nimelala vizuri. Hawana adabu za majina hata kidogo, watu hawa.

Basi nimepata njia nyingine. Jina la Tunu ni la kike. Nitaeneza habari kwamba yule paka ni dume, kosa liligundulika majuzi, na dume haliwezi kuitwa Tunu. Hakuna atakayekagua. Watu wana haya.

Mshona mapazia nimeshamdokeza jioni hii, kwamba Tunu kumbe si wa kike. Kashtuka, kashika mdomo, kautazama mlango wa shemeji, kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nani atamjua Tunu kunishinda mimi?

Safari hii mpango hauna dosari.