Chokaa kwa Ajili ya Wageni

Jumatatu, 3 Julai 1995
Baridi kali. Ukungu mpaka mlangoni. Amekuja Dokta Dorkasi, mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, na kompyuta ndani ya mkoba. Alinipa shikamoo. Hezekia, jirani yangu, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, akaiitikia kabla yangu. Nami ndiye mkubwa.

Dokta alieleza kwamba nchi za mbali zinataka kuzika takataka zenye mionzi chini kabisa ya miamba. Hofu yao ni maji: yakipita humo, yatabeba nini? Kompyuta hukadiria. Je, makadirio yake ni ya kweli? Basi itaambiwa habari za miamba yetu na mvua yetu, itabiri kilichomo katika chemchemi, kisha maji yenyewe yapimwe. Hezekia aliuliza kama takataka hizo zitaletwa huku kwetu Mponde. Akajibiwa hapana, huu ni mtihani tu.

Mtihani! Nimesimamia mitihani maisha yangu yote.

Zinashindana chemchemi mbili, yangu na ya Hezekia. Itakayochaguliwa itapimwa kila mwaka, na mwenyewe atakuwa msimamizi, atakayepewa koti la mvua na buti. Hezekia koti analo tayari, la mitumba. Tangu biashara iachiwe huru, hana haya.

Jumanne, 4 Julai
Nimeikagua ya Hezekia. Kuvu, majani makavu, vyura wawili. Wakati wangu, mkaguzi akija shuleni, kila jiwe lilipakwa chokaa. Nimenunua chokaa. Tatu, mke wangu, amesema chemchemi si ofisi ya kata. Nimemjibu kwamba mgeni hapokewi kwa matope.

Nimepaka mawe yote, mpaka ndani ya jicho la maji. Chokaa iliyobaki nimeimwaga humo humo, isiharibike. Dokta aliomba tusiguse kitu. Bila shaka alimaanisha Hezekia.

Alhamisi, 6 Julai
Maji ya Hezekia yalikubaliana na kompyuta, pamoja na vyura wake wote. Ikaja zamu yangu. Kompyuta ilikuwa imetabiri maji laini, karibu sawa na ya mvua. Karatasi ya kupimia ikageuka zambarau. Dokta akapima tena. Akaikagua kompyuta. Akaketi juu ya jiwe kufikiri. Alipoinuka, sketi yake ilikuwa nyeupe kwa nyuma. Hapo akaelewa.

Hezekia alisema, “Mwalimu Mbaraka, umeipaka chemchemi poda kama bibi harusi. Sasa mahari tumpelekee nani?”

Dokta hakukasirika. Alisema kwamba mashimo ya takataka hizo hujengwa kwa saruji nyingi, na saruji ni ndugu wa chokaa: maji yakiigusa, hubadilika vivi hivi. Akaiambia kompyuta habari za chokaa yangu. Ikapata jibu sahihi. Akacheka sana, akanishukuru. Basi nimeisaidia sayansi.

Hata hivyo ameichagua ya Hezekia.

Ijumaa, 7 Julai
Maji yetu hayanyweki. Chai ina ladha ya ukuta. Tatu ameanza kuteka kwa Hezekia. Huyo bwana amemwambia, “Teka, shemeji, usijali. Ila mwalimu akija mwenyewe, apige hodi kwa msimamizi.” Nilipotoka msikitini nilimwona barazani, amevaa koti la mvua na buti. Jua lilikuwa linawaka.

Jumapili, 9 Julai
Tatu anaumwa mgongo. Nimekwenda mwenyewe, nikapiga hodi. Hezekia alinikaribisha kwa sauti iliyofika Bumbuli. Nikateka huku vyura wakinitazama. Maji ni matamu. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Njiani nimetafakari kwa utulivu, na kosa langu nimelitambua. Chokaa ni kitu dhaifu, huchujuka. Dokta atarudi mwakani, naye atakuta chemchemi imara, safi, isiyochujuka kamwe.

Nimeagiza saruji.