Utoto wa Odile, kwa Piano

Jumatatu, 8 Machi 1909

Siku yangu imefika! Madame Bellanger, ambaye ukumbi wake hujaa watu wote wa maana wa Paris, ameniambia kwamba wageni wake wamechoka na muziki wa ngurumo. Anataka vipande vya piano kuhusu utoto. Vidogo, vitamu, Jumapili hii. Nikamjibu kwamba vyangu viko karibu kumalizika.

Sijaandika hata noti moja.

Haidhuru. Anayepiga ngurumo ni Thévenin, jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye simfoni yake imetajwa magazetini hadi nimeacha kusoma magazeti. Yeye ni kapera. Mimi nina binti, Odile, mwenye miaka sita. Utoto wote umo humu nyumbani mwangu, bure! Kazi yangu ni kuunakili tu.

Jumanne, 9 Machi

Nimeanza uchunguzi. Nimekaa sebuleni, penseli mkononi. Odile alikuwa anamenya njegere na mama yake. Akaniuliza nitanyoa lini. Nikamwambia acheze. Akakunja mikono, akauliza acheze nini. Nikasema chochote cha kitoto.

"Baba," akasema, "mambo hayo ni ya watoto wadogo."

Akarudi kwenye njegere. Njegere hazina muziki. Nimejaribu.

Jumatano, 10 Machi

Nimemletea bata wa bati, anayetembea ukimtia ufunguo. Nilitegemea vicheko. Odile akaomba bisibisi. Alitaka kuona sauti inakaa wapi. Sasa bata yuko vipande vipande kwenye sahani, na sauti haikuonekana.

Hata hivyo nimetunga kipande, "Bata Matembezini." Nilikipiga mara mbili. Léontine, mke wangu, akachungulia kutoka jikoni na aproni yake, akaniuliza kwa upole nani amefariki.

Alhamisi, 11 Machi

Aibu! Ngoja niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Niligundua kwamba mtoto akijua anatazamwa hachezi. Kwa hiyo nikaingia kabatini, chumbani mwake, katikati ya makoti ya baridi. Mpango mzuri kabisa. Odile akaja na mwanasesere wake, Babette. Akamlaza, akamfunika leso, akaanza kumwimbia wimbo wake mwenyewe. Noti nne tu, zinapanda kidogo, kisha zinashuka kama mtu anayekaa kitini. Jamani! Nywele zilinisimama. Nikapapasa kutafuta penseli.

Manyoya ya koti yakaniingia puani. Nikapiga chafya.

Odile akapiga kelele kwamba kuna mwizi. Nikasukuma mlango. Haukufunguka. Nikasikia miguu ikishuka ngazi kwa kishindo, mlango ukavutwa, na nani yuko mbele yangu? Thévenin, na mwavuli ameuinua juu! Alicheka hadi ikabidi aketi kitandani kwa Babette.

Odile hakucheka. Akaniuliza, "Baba, ulikuwa unanichungulia?" Nikamweleza mahitaji ya sanaa. Akamchukua Babette, akatoka.

Na wimbo? Umenitoka kichwani kwa ile chafya.

Ijumaa, 12 Machi

Nikiingia chumbani, Odile ananyamaza. Nimeficha penseli nyuma ya sikio. Bado ananyamaza. Léontine amesema kwamba mtoto si ndege wa kutegwa. Hajui shida za watunzi.

Alasiri nikasikia vicheko. Vya Odile! Juu ya kichwa changu! Nikaelewa mara moja: Thévenin ananiibia utoto wangu. Nikapanda ngazi kwa soksi, nikatazama kwenye tundu la ufunguo.

Thévenin, mwenye nishani ya serikali, alikuwa anatambaa juu ya zulia akinguruma kama dubu. Binti yangu alikuwa mgongoni mwake, akimpiga teke aongeze mwendo. Nikatafuta karatasi kila mahali. Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na penseli, hata nyuma ya sikio.

Nikabisha. Thévenin, jasho likimtoka, akanikaribisha niwe mbwamwitu. Nikakataa kwa sababu ya goti. Odile akanitazama toka kule juu.

"Bwana Thévenin anacheza tu," akasema. "Haandiki."

Nimeshuka. Sikula chakula cha jioni vizuri.

Jumamosi, 13 Machi

Mpango mpya, wa hila zaidi. Nitacheza naye bila penseli, nikariri kila kitu, kisha niandike kwa siri.

Nikamwomba ruhusa. Akafikiri sana. Akasema nitakuwa sungura mgonjwa. Tukaingia chini ya meza, ambayo ilikuwa pango, na nje kulikuwa na theluji. Mwanzoni nilikariri. Halafu yakatokea mambo: Babette akapotea thelujini, ikanibidi nitoke kumtafuta bila kukanyaga zulia, maana zulia ni ziwa. Léontine akatuletea mkate na jamu mle pangoni, akabaki. Odile akaimba ule wimbo wa noti nne, akiwa ameegemea mkono wangu. Sikujisogeza.

Nilipotoka, jua lilikuwa limetua na sikukumbuka chochote. Kesho ndiyo kesho! Nina bata aliyefariki, basi.

Jumapili, 14 Machi

Asubuhi nilimwomba Odile wimbo wake. Nilimwomba, sikuuvizia. Akaniimbia taratibu, nikaandika. Sharti lake: uitwe "Kumlaza Babette."

Ukumbi wa Madame Bellanger ulijaa; Thévenin alikuwepo, na Odile alikaa mbele na mama yake. "Bata Matembezini" kikapokelewa kwa huzuni kubwa. Bibi mmoja alilia. Kisha nikaanza wimbo wa Babette. Nikafika kwenye noti za mwisho, nikaona itapendeza nikiongeza madoido yangu mawili matatu.

"Sivyo, Baba!"

Odile akashuka kitini na Babette kwapani, akapita katikati ya wageni, akanisogeza kwa kiwiko. Akabonyeza kwa kidole kimoja. Noti nne. Akainama akamsikiliza Babette kama amelala. Kisha akageuka kuwaambia watu wote, kwa kunong'ona, wasipige makofi.

Hawakupiga. Watu wote wa maana wa Paris walitoka wakinyata. Thévenin alikuwa anafuta masharubu kwa leso. Aliniambia angetoa simfoni yake nzima kwa zile noti nne. Nikamjibu kwamba ni damu ya ukoo.

Odile alilala begani kwangu njia nzima. Mzito, huyu mtoto. Nilikataa kumpa mtu mwingine.

Jumatatu, 15 Machi

Magazeti yanamsifu Mademoiselle Odile Virolleau. Mimi nimetajwa pia: "baba yake alikuwepo."

Madame Bellanger anataka vipande vipya, safari hii kuhusu uzee. Nikamjibu kwamba viko karibu kumalizika. Nimempelekea simu ya maandishi mama mkwe, huko Rouen, aje akae nasi hata mwaka mzima. Léontine amenibusu kwenye paji la uso, akasema nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Leo nimetoboa tundu kwenye ukuta wa chumba cha wageni, atakamolala, kimo cha jicho langu. Odile ameniuliza kama Bibi anajua. Nimemwambia Bibi ni kiziwi kidogo, hatagundua. Odile anasema kusikia hasikii, lakini hakuna anayeona kama Bibi.

Tutaona.