Jumatatu Tuliyoapa kwa Mama Tabitha

Jumatatu sisi wafumaji wa kijiji cha Holcroft Fold hatugusi kazi. Ni sikukuu yetu, tumeirithi kwa baba zetu, na tunaiita Jumatatu Takatifu. Kanisa haliitambui, lakini na sisi kanisa hatulitambui sana, kwa hiyo ngoma droo.

Tulikuwa kilabuni kwa Mama Tabitha, benchi la karibu na moto, sura zile zile. Askofu alikuwepo. Jina lake ni Zakaria Entwistle, kanisani hakanyagi, ila Jumatatu anaihubiri utadhani analipwa. Jenerali alikuwepo, yule aliyepigana na Wafaransa kwa mwiko, maana alikuwa mpishi wa jeshi. Na mimi, wanayeniita Uzi Mbovu kwa sababu ambazo mnunuzi wa vitambaa huzitangaza kwa sauti kila nikimpelekea kazi.

Jenerali ndiye anayejua kusoma. Akakunjua gazeti lililokuwa limefungia jibini.

"Sikilizeni, nyie wajinga. Kiwanda cha bondeni kimeleta mitambo ya kufuma. Inaendeshwa na mvuke! Leo wanaandika watu, na kengele ya saa saba ikilia tu, geti linafungwa. Wanasema wanataka mikono."

"Mvuke?" Askofu akacheka mpaka bia ikamtoka puani. "Mvuke si huu unaotoka kwenye birika la mke wangu? Miaka yote uko jikoni pale, mbona haujafuma hata soksi?"

"Acha ubishi, mzee. Wenzako wa mjini Bury wameuona kwa macho yao."

"Wenzangu wa Bury wakishalewa wanaona na malaika."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mshale. Huyu ni Amos Ashworth, mfumaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote bonde zima. Alikuwa amevaa shati safi. Tukamkodolea macho wote.

"Shati safi Jumatatu?" Askofu akauliza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Leah kanituma kiwandani." Mshale akakaa pembeni, kofia mkononi. "Jamani, bei ya kitambaa imeshuka mpaka nikimaliza kufuma kimoja nakuwa nimeshakula viatu vyangu. Mke wangu kasema nisiporudi na kazi leo, kesho mashine yangu ya kufumia inapasuliwa kuni."

Kuni! Babu yake alifia kwenye mashine ile, kichwa kikiwa juu ya kitambaa. Mimi roho iliniuma, nasema kweli, maana Mshale akikaa pale anafuma utasema anapiga kinanda.

"Usiende," Askofu akasema. "Mwanamume mzima uitwe kwa kengele kama ng'ombe? Ukichelewa unakatwa. Ukipiga mluzi unakatwa. Ukienda msalani unaulizwa ulikuwa na nani!"

"Na njaa je, Askofu?"

"Njaa haina kengele."

"Lakini ina watoto wanne nyumbani kwangu."

Jenerali akapiga meza. "Mimi nauliza, nani katuletea balaa hili? Mimi nasema Wafaransa."

"Wafaransa tena!" nikasema. "Wewe hata ukiumwa tumbo ni Wafaransa."

"Mlilileta nyie," Mama Tabitha akasema.

Alikuwa anafuta makopo, wala hakuinua kichwa. Mama yule ana mikono mipana na hasira ya polepole, na hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya.

"Sisi kivipi, Mama?"

"Nilipokuwa msichana nilikuwa nasokota uzi kwa gurudumu, pale dirishani kwa mama yangu. Nyie mkapata ile kamba ya kurushia uzi, ukiivuta mara moja uzi unavuka kitambaa kizima, mkawa mnafuma kama mmeumwa na nyuki. Uzi wetu ukawa hautoshi. Mkawa mnatugongea milango: Tabitha, uzi! Tabitha, uzi! Zakaria, wewe si ulikuja mpaka kwenye mazishi ya baba yangu, unaulizia uzi?"

"Nilitoa pole kwanza," Askofu akasema.

"Ndipo wakaleta mashine za kusokota. Gurudumu langu likafa, la mama likafa, la kila mwanamke wa bonde hili likafa. Nyie mkafanya nini?"

Jenerali akakohoa.

"Tulikunywa," akasema.

"Mlikunywa! Uzi ulikuwa rahisi, pesa zikawatembelea. Zakaria akawa anazunguka na noti kaichomeka kwenye kofia. Anasema mfumaji ni mfalme, wasokotaji wakafuge kuku. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nyie mlitia bia. Sasa uzi umejaa mpaka unamwagika, wafumaji hamtoshi, wameleta mvuke. Mnashangaa nini?"

Askofu akajivuta, akasimama juu ya benchi. Akibanwa huwa anapanda juu.

"Yaliyopita si ndwele! Tuape. Hakuna mfumaji wa benchi hili atakayepita geti lile. Wote tukikataa, watafuma na nani? Na birika?"

Tukaweka mikono juu ya pipa, tukaapa kwa Jumatatu. Mshale aliweka wa kwake mwisho, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Tukampiga piga mgongoni, tukamwita mwanamume.

"Jenerali," Mama Tabitha akauliza, "hilo gazeti limesema wanataka mikono ya nani?"

"Ya nani tena, Mama? Si ya wafumaji!"

"Aa," akasema, akaendelea kufuta kopo lile lile.

Saa sita ikapita. Askofu akashuka benchini, akanyoosha koti. "Mbwa wangu hakuamka vizuri leo. Nakwenda kumwangalia."

Punde Jenerali naye akainuka. "Nguruwe wangu hajala." Nguruwe wake tulimla Krismasi. Mimi mwenyewe nilipewa sikio.

Mimi nikashika shavu, nikasema jino. Mshale akabaki peke yake na pipa letu la kiapo.

Nilikata njia ya makaburini ili nisionekane, nikashukia bondeni. Pale getini nikamkuta Askofu, kofia kaivuta mpaka puani. Nyuma yake Jenerali, anasoma gazeti juu chini.

"Mbwa anaendeleaje?" nikamuuliza Askofu.

"Kapona. Jino?"

"Limetulia."

Mara Mshale akaja mbio, anahema, uso umemwiva kwa aibu ya kuvunja kiapo. Alipotuona, aibu ikamwisha, ikaja nyingine ambayo sijui jina lake.

"Nyie! Pipa bado bichi kwa viganja vyenu!"

Karani wa getini akatutazama kama tunavyotazama samaki wa juzi. "Wanaume hapana. Mwanamume anadai mshahara wa wasichana watatu, halafu Jumatatu hayupo. Nataka wanawake. Haya, pisheni!"

Tukageuka. Wanawake wa Holcroft Fold walikuwa wanateremka mlima, shali kichwani, na mbele yao Mama Tabitha, ufunguo wa kilabu unaning'inia shingoni.

"Mama!" Askofu akalia. "Hata wewe? Mashine ilikuua mara moja!"

"Ndiyo. Sasa inilipe. Wateja wangu leo wote wana mbwa, nguruwe na jino. Nikaona nifunge, nikawagongee wenzangu milango."

"Jumatatu tutakunywa wapi?"

"Kafugeni kuku, Zakaria."

Nyuma yake alikuja Leah. Hakumgombeza mumewe, na bora angemgombeza. Alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Mshale, akamfunika vizuri.

"Unga wa shayiri uko kwenye mtungi. Akilia, mpikie uji," akasema, akaingia.

Kengele ikalia. Geti likafungwa. Tukabaki nje wanaume wanne na mtoto mmoja, naye ndiye pekee aliyekuwa anasema lolote la maana. Alikuwa analia.

Mshale akamgeukia Jenerali. "Wewe ulikuwa mpishi wa jeshi. Uji unapikwaje?"

Jenerali akatazama viatu vyake.

"Sikuwa mpishi, ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa nakata kuni tu."

"Basi twende nyumbani," Mshale akasema, akimtikisa tikisa mwanawe. "Kuni ninazo."