Bunduki Ndani ya Shimo la Shuwa

Alkhamisi, 2 Aprili 1998
Mwanangu Nasr, mhandisi wa wizarani Al Khuwair (na mzuri, sisemi kwa kuwa nimemzaa), anamtaka Khulood, binti wa Mzee Harub. Harub hamtazami mwanamume asiye na shabaha. Mashindano ya kulenga shabaha yako Yiti, Iddi tatu. Nasr haoni mbali na miwani hataki. Dawa nnayo: bunduki kongwe ya marehemu baba mkwe. Nitaifungia darubini.

Jumamosi, 4 Aprili
Wadi Kabir, kwa fundi Bakhit. Kaivua mbao, kaweka keekee atoboe matundu mawili, akate hesi za skrubu. Ncha imekatika. Ya pili pia. Ya tatu. Chuma hakina hata mkwaruzo. Kasema waliokiunda walikigumisha kwa moto. Basi moto utakilainisha, nikamwambia. Kanikataza mara tatu. Mimi darasa la sita nimefika na nimezaa mhandisi, fundi atanambia nini.

Jumanne, 7 Aprili, Iddi mosi
Nyama ya shuwa imezikwa kwenye makaa ya shimo la mtaa hadi kesho, kila nyumba na furushi lake. Langu zito kidogo. Jirani Mahfoudha kauliza kama nimechinja ngamia. Nikamjibu nyumba ya mhandisi haili kidogo.

Jumatano, 8 Aprili
Shimo limefukuliwa. Nyama ya mtaa mzima inanuka mafuta ya bunduki. Mahfoudha kaitema, kauliza bizari gani hii. Nikasema ya kwetu Pemba. Hapo furushi likapasuka, mtutu ukachungulia. Bakhit kaja kuangalia chuma, kasema ugumu ule ule, ila sasa asiifyatue mtu, itamlipukia usoni. Nasr kenda kuazima bunduki nyengine. Hilo limeniuma kuliko Mahfoudha.

Alkhamisi, 9 Aprili
Nasr kenda Yiti na hiyo ya kuazima. Risasi tano, zote mchangani. Na darubini, kumbe, hairuhusiwi tangu zamani, sikuuliza. Harub kamuuliza bunduki ya babu yake iko wapi. Nasr kamsimulia yote. Harub kacheka hadi kilemba kikamvuka, kisha kasema kijana anayemstahamilia mama kama huyu atamstahamilia na binti yangu. Jumapili tulete posa.

Jumamosi, 11 Aprili
Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Nimempigia simu Mahfoudha kumjulisha. Harusini wanaume watacheza razha, warushe bunduki juu na kuzidaka, na yetu itakuwemo, na darubini yake juu. Chuma kisichotoboka hugandishwa: nimenunua gundi, vichupa vinne. Mahfoudha nitamkalisha mbele kabisa aione vizuri.