Njooni Mmchukue Binti Yenu

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu.

YAH: MWANAMKE ANAYEISHI KWENYE LAINI YANGU

Ndugu Mkuu,

Natumaini u mzima na mkeo yupo nyumbani. Wangu hayupo, na ndiyo sababu ya barua hii. Mimi ni fundi cherehani, mteja wenu mtiifu tangu simu zilipokuwa na antena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila alfajiri salio langu linapungua, kisha unaingia ujumbe: "Mpenzi, umeamkaje? Pata siri ya mahaba ya leo." Sikujiunga. Hata kujiunga kwenyewe sijui kunafanywaje. Siri ninayoitafuta mimi ni ya kupata wateja wanaolipia nguo kabla ya kuzivaa.

2. Simu yangu hukaa juu ya meza ya kukatia, karibu na mke wangu, ambaye ndiye hutia vifungo. Siku moja akausoma ujumbe kabla yangu. Badala ya kuniuliza mimi, akamjibu mwenyewe: "Wewe nani?" Papo hapo akajibiwa: "Hongera! Umejiunga na Tafsiri ya Ndoto." Akaandika: "Huna haya!" Akapewa hongera nyingine, safari hii ya Nyota Yako. Mke wangu si mtu wa kumwachia mwenzake neno la mwisho. Alipochoka kutukana, tulikuwa tumeunganishwa na mapishi, matokeo ya mpira na vichekesho vya watoto, na salio limekwisha. Yeye aliona huo ni ushahidi kwamba mke mwenza ni jeuri na ana mashoga wa kumsaidia.

3. Nilipowapigia, mhudumu wenu, baada ya muziki mrefu, alinieleza kwa upole kwamba ujumbe si wenu, ni wa mshirika. Ninyi mnampitisha tu, kisha mnagawana kinachopatikana. Ndugu Mkuu, anayempeleka mwanamke kwa mume wa mtu na kula asilimia ana jina lake, lakini hii ni barua rasmi.

4. Nimetuma ONDOA. Nimetuma ACHA. Nimetuma NAKUOMBA. Jibu ni lile lile: "Ombi lako halijafanikiwa." Wanawake ninaowajua wakiachwa hulia, huvunja sahani, kisha huondoka. Huyu amening'ang'ania kama kupe, na bado namlisha.

5. Mke wangu yuko kwa mama yake. Ameondoka na pasi pamoja na mkasi mzuri. Mama mkwe, aliyenipenda kidogo tangu mwanzo na sasa hata hicho kidogo amekichukua, ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi, na hukumu ameshaitoa: nimlete huyo mwanamke hadharani au nisahau kwamba nilioa. Shule zinafunguliwa na sare zote hazina vifungo. Lakini shida si vifungo, Ndugu Mkuu. Namkosa. Chai nakunywa peke yangu, na kiti chake nakifuta vumbi kila asubuhi kama mjinga.

Kwa kuwa matumizi yake mnayapokea ninyi, wazazi wake ni ninyi. Basi naomba Jumamosi mje wazee wasiopungua watatu, mmoja awe na muhuri, mkiwa mmebeba huo mtambo unaomtuma. Mketi mkekani kwa mama mkwe, mkiri mbele ya mashangazi kwamba ni mashine, kisha mmchukue binti yenu. Mahari sikutoa, kwa hiyo sidai kitu. Maji ya kunywa yatakuwepo. Zaidi ya hapo sikuahidini, mama mkwe ndiye mwenye jiko.

Wasalimie wote hapo ofisini, mabosi, wahudumu na mlinzi wa getini, na huyo anayechagua muziki wa kusubirisha watu mwambie namwombea.

Wako katika subira iliyobaki kidogo,

Fundi Cherehani,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la rangi.

N.B. Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, umeingia ujumbe: "Umefanikiwa kujiondoa kwenye huduma zote." Nilikimbia mbio kumwonyesha mama mkwe. Ameusoma mara mbili, akavua miwani, akasema mashine haikimbii kikao. Anayekimbia kikao ni mtu mwenye hatia. Mke wangu amesikia hayo na kunifungia mlango. Ndugu Mkuu, nakupigia magoti, mrudisheni huyo binti yenu kabla ya Jumamosi. Gharama zote juu yangu. Salio nimeshaweka.